Shamba la Iyula na Mlinzi wa Ukurasa

Shamba langu la kahawa liko Iyula, na kwa muda mrefu sikuruhusiwa kulitia jembe. Mahakama ndiyo iliyosema. Mimi na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, sote wawili tulizuiwa kulima, kupalilia, kukatia wala kuvuna mpaka rufaa yake isikilizwe. Basi kahawa ikajiendea. Kahawa isiyokatiwa matawi haina adabu. Inapanda juu kama mti wa kuni, matawi ya chini yanakauka, machipukizi yanabanana shinani, na punje chache zinazotoka huko juu ni za ndege. Katikati ya kahawa hiyo lipo kaburi la mume wangu, nalo likaota majani. Mwaka mmoja nilishindwa kuvumilia, nikaingia na panga nikafyeka kaburi tu, kaburi na mahali pa kusimama. Shemeji akapeleka taarifa mahakamani kwamba nimevunja amri. Nikaitwa, nikaonywa mbele ya watu kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Tangu siku hiyo nilikuwa na haja moja tu. Kesi iishe nikiwa bado naweza kuinama.

Shemeji hakuwa mtu wa shamba. Alivuka mpaka akiwa kijana, akaoa Nakonde, upande wa Zambia, na biashara ilipofunguliwa akawa mmoja wa wale wapitisha chumvi na sabuni, leo upande huu, kesho upande ule. Kahawa ya Iyula tuliipanda mimi na mume wangu, mche kwa mche, maji tunabeba kichwani kutoka mtoni, mtoto mgongoni. Mume wangu alipokufa ndipo shemeji akakumbuka kwamba ardhi ni ya baba yao, na kaka yake alikuwa ameazimwa tu. Kuazimwa! Mtu anaazimwa sufuria. Baraza la ardhi la wilaya likasema shamba ni langu. Yeye akakata rufaa Mahakama Kuu, Mbeya, na huko ndiko kesi ilikokwenda kulala.

Mimi nilikuwa nauza maharage Tunduma mjini, pembeni ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka. Nauza kwa sado, kile kindoo cha kupimia, nikishindilia na kiganja. Kila ikifika tarehe ya kesi nilifunga magunia, nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikapanda basi la alfajiri. Huko mahakamani kuna ubao wenye kioo, ndani yake wamebandika karatasi za mashauri ya juma hilo. Nilisoma darasa la nne, lakini jina langu nalijua popote lilipo. Nilikuwa napitisha kidole juu ya kioo mstari kwa mstari mpaka kidole kinateleza kwa jasho. Siku nyingine jina lipo, jaji hayupo. Siku nyingine jaji yupo, jalada halipo. Siku nyingine hata jina halipo, na karani ananiambia kwa upole kwamba tarehe ilishasogezwa, kwani bibi hukuambiwa? Nani aniambie. Nilichukia ule upole kuliko matusi. Matusi unaweza kuyajibu.

Narudi na basi la mchana, vibanda vya Nanyala vinapita dirishani, miguu imevimba ndani ya viatu. Tukikaribia njia panda ya kwenda Iyula nilikuwa nageuza uso, natazama upande wa pili.

Aliyenitoa kwenye safari hizo ni mjukuu wangu wa kike, binti wa mwanangu wa kwanza. Alikuwa na kibanda cha steshenari kwenye barabara ya forodhani. Anachapa barua, anatoa fotokopi, ana kompyuta mbili na intaneti ya kusuasua. Kibanda ni chake, hakuajiriwa. Nalisema hili kwa sababu nilimsomesha mimi kwa maharage, na sitaki mtu adhani vinginevyo. Siku hiyo alinikuta nimekaa juu ya gunia, viatu nimevua, nakanda vifundo vya miguu. Nilikuwa nimetoka Mbeya bure.

"Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana mimi na yeye, "kwa nini unakwenda Mbeya kutazama ubao?"

"Nikautazame wapi?"

"Kwangu."

Akanipeleka kibandani, akafungua ukurasa wa mahakama. Orodha ileile ya kwenye ubao, ila haina kioo. Nilitafuta jina langu, nikaliona, nikaweka kidole. Akasema nisiguse skrini. Nikagusa.

Akanieleza kwamba hata kuufungua kila siku hakuna haja. Kuna vyombo kwenye mtandao ambavyo kazi yake ni kulinda ukurasa. Unakipa chombo anwani ya ukurasa, kinakwenda kuutazama, kinakumbuka ulivyokuwa, halafu kinarudi tena na tena kulinganisha. Kikikuta kitu kimebadilika, kinatuma ujumbe kwenye simu yake ya kupangusa. Wenzake aliosoma nao walikitumia kulinda matangazo ya kazi. Nikamuuliza mlinzi huyo analala saa ngapi. Akasema halali. Nikamwambia basi huyo ndiye ninayemtaka, maana mimi nimechoka.

Kesho yake tu mlinzi akaita. Mjukuu akanipigia simu kwamba ukurasa umebadilika. Nikayaacha maharage chini ya macho ya jirani, nikaenda mbio, zile mbio za mtu wa umri wangu. Nikamkuta anakuna kichwa. Orodha ilikuwa ileile, jina langu palepale, tarehe ileile. Kesho kutwa akaita tena, asubuhi na jioni. Kila akiita nakimbia, nafika, hakuna kitu. Mwishowe tukaukagua ukurasa kutoka juu mpaka chini, yeye anasoma kwa sauti, mimi nasikiliza kama nasikiliza ushahidi. Chini kabisa akaona maandishi madogo yanayohesabu wageni waliofungua ukurasa. Kila anayefungua, hesabu inapanda. Na mlinzi wetu, kila akienda kuchungulia, naye anahesabiwa mgeni.

"Kwa hiyo anapiga hodi mwenyewe," nikasema, "halafu anakuja mbio kutuambia kuna mtu kapiga hodi."

Mjukuu alicheka mpaka akalalia kibodi. Mimi sikucheka. Mvua ilikuwa imenyesha juu ya maharage yangu.

Akairekebisha kazi. Alichora kisanduku kuzunguka orodha ya mashauri peke yake, akamwamuru mlinzi asitazame nje ya hapo. Mlinzi akatii, akanyamaza. Akanyamaza mno. Kila jioni nikishafunga magunia nilipita kibandani kuuliza kama kasema kitu, na mjukuu anatikisa kichwa hata kabla sijauliza. Miezi ikaenda hivyo. Watu wa malori wakasikia habari, wakaanza kunitania. Mmoja wao alikuwa mzee wa kutoka Kondoa, Mwislamu, mwenye malori yake mwenyewe, aliyekuwa akinunua maharage kwangu kwa ajili ya chakula cha madereva wake. Akifika tu ananisalimia, "Mama mwenye mlinzi, hujambo? Mimi kesi zangu hazina hata wakili."

Nacheka naye, napima sado. Lakini nilikuwa nikikaa peke yangu nafikiri yale machipukizi ya Iyula yamefika wapi.

Kisha asubuhi moja mjukuu akaja mwenyewe kwenye maharage. Hakupiga simu. Kibanda amekifunga, na hicho kibanda hakifungi hata akiumwa. Akachuchumaa mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mlinzi kaita na safari hii ni kweli. Tarehe yetu, iliyokuwa mbali huko baada ya mavuno ya mahindi, imevutwa mbele. Ni Alhamisi ijayo. Na si kutajwa, ni kusikilizwa.

Nikashusha pumzi. Nikaanza kufikiria kitenge. Lakini yeye alikuwa hajamaliza.

"Bibi, yule babu hajui," akasema. "Wito wake unapitia kwa mtendaji wa upande huu, na yeye yuko Nakonde. Karatasi ikimfikia, siku itakuwa imepita. Yeye ndiye mwenye rufaa. Asipotokea, jaji anaifuta, shamba linarudi kwako. Wewe kaa kimya tu."

Nilimwambia nitakaa kimya. Na kweli nilikaa kimya siku nzima, napima maharage. Nilijaribu kuonja ule ushindi, nikaona una ladha ya maji. Mzee wa Kondoa alipokuja, nikamuuliza kwa kuzunguka, kama naulizia ya mtu mwingine, mwenye rufaa asipofika inakuwaje. Akakaa juu ya gunia, akavua kofia yake. Akaniambia yeye yalimkuta. Mtu aliyemshtaki kuhusu kiwanja hakutokea, kesi ikafutwa, yeye akachinja mbuzi akaita majirani. Haukupita muda, yule mtu akaja na karatasi kwamba hakupata taarifa, akaomba kesi irudishwe. Ikarudishwa. Wakaanza upya.

"Mbuzi nilishamla, Mama," akasema. "Kesi ikafufuka. Mbuzi hakufufuka."

Akanunua maharage yake akaenda zake. Mimi nikabaki namwona shemeji mbele ya jaji, anasema hakuambiwa, na ni kweli hakuambiwa. Jaji angefanya nini? Angeirudisha. Ningerudi kwenye kile kioo na kidole changu, miaka mingine, na magoti haya. Niseme wazi kwamba sikumwonea huruma hata chembe. Ni uchovu ulionipeleka.

Jumamosi nikavuka. Sisi wa mpakani tunavuka kama mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani. Simu yangu ikanasa minara ya Zambia, saa yake ikarudi nyuma, kama inavyofanya kila siku ukisogea upande ule. Nilimkuta shemeji mbele ya kiduka chake, kwenye kiti cha kukunja, anachambua karanga. Alikuwa amezeeka. Sikuwa nimemtazama vizuri siku nyingi, maana mahakamani unamtazama jaji.

"Mwapoleni, mukwai," akanisalimia kwa Kibemba, kama mteja tu aliyeshuka kwenye basi la Lusaka.

Nikamjibu kwa Kinyiha, lugha ya mama yake, ili akumbuke ni nani aliyemfulia kaptula za shule nilipoolewa kwao.

"Umekuja kuniomba nifute kesi, shemeji?"

"Nimekuja kukuita kwenye kesi yako mwenyewe, bwana mdogo. Imesogezwa mbele. Ni Alhamisi."

"Nani kakwambia?"

Nikamweleza habari za mlinzi, za ukurasa, za kisanduku. Alinitazama kama mtu aliyeamkia pombe.

"Yaani hiyo mashine inakwambia wewe, na mimi mwenye rufaa hainiambii?"

"Hukuiuliza."

Akaacha karanga. "Na wewe unaniambia ili iweje?"

"Ili nikushinde umekaa mbele yangu. Nikikushinda hupo, utarudi."

Akacheka kwa pua. Mume wangu naye alikuwa akicheka hivyo hivyo, na nilikasirika kuisikia pua ile kwa mtu huyu. Akauliza ni saa ngapi.

"Saa tatu asubuhi. Saa ya Tanzania, si hiyo ya kwenu."

"Kwetu ni wapi sasa, shemeji?"

"Hilo ndilo tunalokwenda kuulizia Mbeya," nikasema. Nikanywa nusu ya maji aliyoniletea, nusu nikamwachia, nikarudi kwetu.

Mjukuu alipojua alikasirika mpaka akashindwa kuchapa barua ya mteja. Aliniambia nimekwenda kumwamsha mwizi mlangoni kwangu. Nikamwambia mwizi huyu nimemlinda miaka, nataka aingie nimshike, nikalale. Hakunielewa. Ni kijana, hajui bado kwamba kungoja nako ni kazi, inakula mgongo kuliko jembe.

Alhamisi nilikwenda na hofu moja. Nilihofu kwamba shemeji atakaa akifikiri, ataona ni mtego, asije. Nilipofika getini nikamtafuta kwa macho, sikumwona. Nikaingia ndani, na hapo chini ya ubao wenye kioo nikamkuta, amelala kwa kukaa, kofia juu ya goti. Alikuwa amevaa koti la mume wangu. Lilimwangukia yeye siku ya kugawa nguo za marehemu, ni haki yake, lakini sikuwahi kumwona nalo. Nikamgusa bega.

"Umefika saa ngapi?"

"Nimefika jana," akasema huku anajifuta macho. "Nilijua umenidanganya saa."

"Sasa nimekudanganya?"

"Hukunidanganya. Ndiyo maana nimechoka hivi."

Tukaitwa. Jaji alikuwa mwanamke, kwa umri angeweza kuwa mwanangu. Hakuwa na haraka. Alimuuliza shemeji ni nani aliyepanda ile miti ya kahawa. Shemeji alisimama, mikono ndani ya lile koti. Angeweza kusema ni baba yao, wazee waliojua wamekwisha kufa. Akasema miti waliipanda kaka yake na huyu mama, lakini ardhi ni ya baba. Nikamrukia hapo hapo, nikamuuliza ardhi ya baba yake ilikuwa na nini zaidi ya nyani kabla hatujafyeka. Jaji akaniambia niseme naye yeye, si na mwenzangu. Nikasema naye. Nilisema yote, mche kwa mche.

Tukapangiwa siku ya hukumu. Siku hiyo nayo ikasogezwa, mlinzi akaita, mjukuu akaniambia. Nilimpigia simu shemeji. Safari hii hakuuliza ni nani aliyeniambia. Aliuliza tu, "Mlinzi wako kasema saa ngapi?" Nikamtajia, saa ya Tanzania.

Watu huwa wananiuliza siku ya hukumu nilijisikiaje. Nilisinzia. Ndiyo. Jaji alianza kusoma sababu, zilikuwa ndefu, za kisheria, chumba kina joto, na mimi nilikuwa nimeamka kabla ya majogoo. Nikasikia "mrufani", nikasikia "baraza la wilaya", nikasikia tena "mrufani", kisha sikusikia kitu. Nilichosikia baada ya hapo ni kiwiko kinanigusa ubavuni. Shemeji ameniinamia, karatasi zinakusanywa, watu wanasimama.

"Amka, shemeji," akasema. "Umeshinda."

Tulitoka pamoja. Karani alimweleza kwamba ana haki ya kwenda mbele zaidi, Mahakama ya Rufani, akampa na muda wake. Shemeji akatikisa kichwa. Aliniambia tukiwa stendi, bila kunitazama, kwamba angesimuliwa tu na mtu, angekata tena rufaa. Ila amekaa, amesikia kwa masikio yake sababu ya kwanza mpaka ya mwisho, na wala hakusinzia. Hilo la mwisho alilisema kwa kunichoma, nikamwachia.

Basi lilipokaribia njia panda ya Iyula sikugeuza uso. Nikamwambia kondakta ashushe. Nikashuka na kitenge changu cha kanisani, na nilipogeuka nikamwona shemeji naye anashuka. Sikumkaribisha, sikumfukuza. Tukapanda pikipiki mbili mpaka kwa jirani wa shamba, nikaomba jembe na panga. Jembe nilishika mimi. Panga akashika yeye.

Shamba lilikuwa limeharibika kuliko nilivyoliota. Ilikuwa wazi kwamba ile kahawa yote itakatwa mpaka visiki, na visiki vitataka miaka kabla ya kuzaa tena. Ushindi wangu ulikuwa huo, kungoja tena. Sikulia. Shemeji alivua lile koti, akalitundika juu ya tawi la kahawa, akaanza kufyeka njia ya kwenda kaburini.

Tulipofika penye kaburi simu ikalia. Ni mjukuu, anahema. Mlinzi kaita, anasema, ukurasa umebadilika, hukumu imetoka, Bibi, imetoka.

"Mwambie tumeshajua," nikasema. "Mwambie akalale."

Nikaiweka simu kwenye kitenge, nikashika jembe kwa mikono miwili, nikainama. Mgongo uliuma, lakini ulikubali.